Kufunika injini ili isipoteze joto: maswali tunayoulizwa gereji, kuanzia Nakuru hadi Kisumu

Maswali haya huja kwa wingi Juni na Julai, wakati watu wa Molo na Timboroa, huku nyanda za juu za Kenya, wanaamka na kukuta kioo cha mbele kimejaa umande na gari linakohoa likiwashwa. Huja pia mtu anapotazama video ya Kanada au Finland, akaona injini imevikwa blanketi la foili, akataka kujua kama Probox yake nayo itafaidika. Msimamo wetu tuutoe mapema ili usiendelee kusoma ukidhani utauziwa blanketi: kwa magari mengi ya ukanda huu, injini isiyoshika joto ina kitu kilichong'olewa au kilichoharibika. Kukirudisha ni rahisi kuliko kuifunika, na hakukuongezei shida nyingine.

Sisi tunahangaika na magari yanayochemsha. Kwa nini mtu atake joto zaidi?

Kwa sababu injini baridi ni mlafi. Petroli haigeuki mvuke vizuri ikikutana na chuma baridi, kwa hivyo kompyuta ya injini humwaga zaidi ili moto ushike. Oili nayo inakuwa nzito na pistoni zinasukuma kwa taabu. Sehemu ya ile petroli ya ziada haichomeki. Huteremka kwenye kuta za silinda, ikaosha oili iliyokuwa inazilinda, ikaishia chini kwenye sampu (bakuli la oili). Ndiyo maana mafundi husema injini huchakaa zaidi asubuhi kuliko safarini.

Ongeza na moshi. Katalisti, kama gari lako bado linayo, haianzi kusafisha moshi mpaka ipate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Kabla ya hapo unapumulia mtaa sumu yote.

Kwa hivyo hamu ya kuhifadhi joto si ujinga. Katika kila lita ya petroli, injini ya kawaida hugeuza robo, au theluthi na ushei ikiwa nzuri sana, kuwa mwendo. Kilichobaki chote ni joto, linalotokea kwenye rejeta na kwenye ekzosi. Mtu akiona hasara kubwa hivyo, lazima ajiulize kama haiwezi kuzuiwa. Matata yanaanza anapochagua mahali pa kuizuia.

Injini inatakiwa kuwa na joto kiasi gani?

Maji ya kupozea, nyuzi 85 hadi 100 kwenye magari mengi ya petroli. Oili hufuata nyuma na huchelewa: mshale wa joto unaweza kufika katikati huku oili bado iko vuguvugu. Usikanyage mafuta kwa nguvu kwa sababu tu mshale umepanda.

Nikifunika injini nitaokoa petroli kiasi gani?

Tupige hesabu. Injini ndogo ya lita 1.5 pamoja na maji na oili yake, ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 90, hubeba joto linalokaribia lile la robo lita ya petroli. Hiyo ndiyo hazina yote, hata ukiweza kuilinda usiku kucha bila kupoteza chochote, na hakuna blanketi linaloweza. Isitoshe, joto hilo lingepatikana bure baada ya kuendesha kilomita chache, kwa kuwa ni lile lile ambalo lingemwagwa kupitia rejeta. Unachookoa kikweli ni ule ulafi wa dakika za kwanza tu, yaani sehemu ndogo ya hiyo robo lita.

Kwa wenzetu wa nchi za theluji hesabu inageuka. Idara ya Nishati ya Marekani inasema gari la petroli mjini hupoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake wa kwenda mbali kwa lita moja hewa inapokuwa nyuzi 7 chini ya sifuri, ikilinganishwa na nyuzi 25. Kwa safari fupi za kilomita tano au sita hasara yaweza kufika asilimia 24. Huko mtu akifunika injini, au akiichomeka kwenye umeme usiku ili ipashwe, anarudisha pesa yake. Lakini Nakuru asubuhi yenye baridi kali ni nyuzi 10 hivi, na Kisumu hata usiku wa manane injini haipoi kufikia hapo. Dawa ile ni ya ugonjwa ambao sisi tunao kidogo tu.

Fundi alitoa thamostati akaniambia nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Ni kweli?

Si kweli, na kama kuna swali moja tungependa ulisome mpaka mwisho ni hili.

Thamostati ni vali ndogo yenye nta ndani. Injini ikiwa baridi, nta imeganda na mlango umefungwa. Maji yanazunguka ndani ya injini peke yake, hayaendi kwenye rejeta. Yakifika nyuzi 82 hivi (inategemea gari; nyingine 88) nta inayeyuka, inavimba, inasukuma mlango. Maji yakipoa inarudi. Kwa hiyo hicho ndicho kihifadhi joto cha injini, kimetengenezwa na kiwanda, hakina waya wala blanketi, na kinajua wakati wa kushika na wakati wa kuachilia. Blanketi halijui.

Kwa nini basi hutolewa? Mara nyingi gari limeletwa likichemsha. Thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha injini kweli, na fundi akiitoa gari linapoa siku hiyo hiyo. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Lakini thamostati mpya ingefanya kazi hiyo hiyo. Na kama kiini kilikuwa rejeta iliyoziba au feni isiyowaka, kuitoa kumeficha ugonjwa tu. Utauona tena siku umepakia magunia ukipanda mlima wa Sachangwan.

Gari lisilo na thamostati linaloshuka kutoka Timboroa alfajiri halipati joto kabisa. Mshale unalala chini. Kompyuta inaamini injini bado inaamka, inaendelea kumwaga petroli, na kwenye magari ya karibuni inawasha taa ya injini na kuandika kosa la P0128. Hita ya ndani inapuliza hewa ya vuguvugu, vioo vinajaa ukungu, nawe unaendesha ukipangusa kwa kitambaa. Tena kwenye injini kadhaa thamostati huziba pia njia ya mkato ya maji inapofunguka. Ukiitoa, maji mengi hupitia njia hiyo ya mkato na kuikwepa rejeta, hivi kwamba gari hilo hilo lililokuwa baridi barabarani linachemsha kwenye foleni ya Kondele, Kisumu.

Ujipimie mwenyewe kabla hujalipa mtu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua boneti utafute mpira wa juu, ule mnene unaotoka kwenye injini kuingia juu ya rejeta. Washa gari. Uguse kila baada ya muda, mkono ukiwa mbali na feni na mikanda. Kama thamostati ipo na ni nzima, mpira utabaki baridi kwa dakika kadhaa huku injini yenyewe ikipata moto, kisha ghafla utahisi joto likipita na mpira ukakaza kidogo. Kama unapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, sambamba na injini, thamostati haipo au imekwama wazi. Usifungue kifuniko cha rejeta kuangalia. Maji moto yatakurukia usoni.

Magari mengi yaliyotumika Japani hufika yakiwa na thamostati. Huondolewa huku.

Safari zangu ni fupi: nyumbani, shule, soko. Mimi je, nifunike?

Wewe ndiye mwenye hoja nzuri kuliko wote, na hata hivyo tungekuambia usianzie hapo.

Fungua kifuniko cha kumiminia oili, kigeuze utazame upande wa ndani. Kwa gari la safari fupi utakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa umeganda kwenye kifuniko na kwenye shingo yake. Huo ni unyevu. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, kiasi fulani hupenya hadi kwenye oili, na kama oili haipati joto la kutosha kwa muda wa kutosha, maji yale hayatoki. Angalia pia kijiti cha oili: kama nacho kina rangi hiyo, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, hiyo huenda ni gasketi ya hedi (kizibo kilicho chini ya kichwa cha injini) imeharibika, peleka gari haraka. Kama utando uko kwenye kifuniko tu na kijiti ni safi, shida ni safari fupi.

Dawa: hakikisha thamostati ni nzima, badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema, na mara moja kwa wiki liendeshe kwa nusu saa bila kusimama simama. Ukiwa Nakuru, nenda Njoro urudi. Unganisha pia safari zako: soko na shule kwa mkupuo mmoja, injini ikiwa bado moto, badala ya kuiwasha mara nne kwa siku ikiwa imepoa. Mpango huo hauhitaji spea yoyote.

Nikifunika, nini kitadhurika?

Joto usiloliacha litoke halipotei, linahamia kwa jirani. Chini ya boneti majirani ni wengi.

Betri ndiyo ya kwanza. Watu hudhani baridi ndiyo huua betri. Baridi hufichua tu betri iliyokwisha kufa. Joto ndilo humaliza. Kanuni ya kawaida ni kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 hivi hukata maisha ya betri ya asidi karibu nusu. Betri ya Kisumu tayari inaishi maisha magumu. Ukiizungushia joto la injini unaichimbia kaburi.

Kisha mipira. Mipira ya rejeta, mikanda, vishikizi vya injini, ganda la plastiki la waya, soketi za sensa: vyote hukauka na kupasuka upesi zaidi vikikaa kwenye joto la juu. Gari lililoingia nchini likiwa na miaka saba au minane, karibu na umri wa juu unaoruhusiwa, lina plastiki iliyokwisha kuwa kavu. Ukiongeza nyuzi 20, sensa inakatika shingo siku fundi anapoigusa.

Hewa ya kuvuta pia. Hewa moto ni nyepesi. Kwa kila nyuzi 3 zinazoongezeka injini hupoteza karibu asilimia 1 ya hewa. Nakuru, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,850, hewa tayari ni pungufu kwa asilimia 20 hivi kulinganisha na Mombasa, na Timboroa ni zaidi ya robo. Sasa vutia injini hewa iliyopikwa ndani ya boneti, uone utakavyopanda na abiria saba. Hewa moto pia huifanya injini ya petroli igonge (mafuta kulipuka kabla ya wakati wake), na kompyuta ikisikia kugonga huko huchelewesha cheche, nguvu zikazidi kupungua. Magari mengi huvuta hewa kutoka mbele kwa mdomo wa plastiki ulio karibu na grili. Angalia kama wako upo. Ukigonga mbuzi na bampa likarekebishwa, mdomo huo mara nyingi haurudishwi, na hakuna anayekuambia.

Baada ya kuzima gari kuna jambo jingine. Pampu ya maji ikisimama, chuma moto kinaendelea kupasha maji yasiyozunguka, kwa hiyo joto ndani ya injini hupanda kwa dakika kadhaa kabla ya kuanza kushuka. Kwenye gari la zamani la karbureta petroli inaweza kuchemka kwenye paipu, na gari likakataa kuwaka pale pale kituo cha mafuta. Ukiongeza kifuniko unakirefusha kipindi hicho.

Moto wenyewe tumeuacha mwisho, lakini si mdogo. Ekzosi karibu na injini hufika nyuzi 500 na zaidi ukipanda mlima. Oili ya injini hutoa mvuke unaoweza kuwaka ikifika nyuzi 200 na kitu. Magari mengi ya umri wa kati yanavuja oili kidogo kwenye gasketi ya kifuniko cha juu. Bila blanketi, tone linaanguka, linatoa moshi, unasikia harufu, unaenda gereji. Ukiwa na sufi au gunia pale, tone linanyonywa, na jingine, na jingine, mpaka una utambi. Tumefunguliwa boneti tukakuta kipande cha godoro kimeungua ukingo mmoja juu ya manifoldi (bomba la kwanza la ekzosi), mwenye gari hana habari. Godoro, gunia, shuka kuukuu, katoni juu ya injini: hapana, kwa vyovyote.

Panya nao. Mahali penye joto, giza na sufi ni nyumba tayari, na wakishahamia hutafuna waya.

Natoka Molo saa kumi na moja alfajiri, saa nne niko Kisumu. Nizibe grili kwa katoni nusu njia?

Madereva wa malori wa nchi baridi huziba grili, na hata magari mapya ya kifahari yana milango midogo ya grili inayojifunga na kujifungua yenyewe. Neno muhimu hapo ni yenyewe.

Fikiria njia yako. Molo uko mita 2,400 na zaidi juu ya bahari, hewa pengine nyuzi 8. Unapita Mau Summit, Londiani, Kericho, halafu unateremka kuelekea Awasi na Ahero, joto likipanda kila unapopita kilima, hadi Kisumu kwenye mita 1,130 hivi ambako mchana wa Februari hupita nyuzi 30. Ndani ya asubuhi moja umehama majira mawili. Katoni iliyokuwa inakusaidia Molo, Ahero inakuua, hasa ukiwa umewasha eyakondisheni, kwa kuwa kondensa yake (kipozeo cha gesi yake) iko mbele ya rejeta na inahitaji hewa hiyo hiyo. Na utaisahau. Kila mtu huisahau. Thamostati nzima itakupa joto lile lile Molo na itafungua mlango wake wote Ahero bila kukumbushwa.

Kwa nini gari langu linachemsha Nakuru na Mombasa halichemshi, wakati Nakuru kuna baridi?

Angalia kifuniko cha rejeta. Maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100 pwani, lakini Nakuru huchemka karibu na 94, na Timboroa karibu na 91, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Injini yako inafanya kazi kwenye nyuzi 90 na kitu! Kinachozuia yasichemke ni kifuniko chenye springi, kinachoshikilia shinikizo la karibu bar 1 na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 au zaidi. Mpira wa kifuniko ukikatika, shinikizo linatoroka, maji yanachemka injini ikiwa kwenye joto lake la kawaida kabisa, na fundi mwenye haraka anatoa thamostati.

Badilisha kifuniko kwa kilicho na namba ile ile. Tumia kulanti (maji maalumu ya kupozea), si maji ya mfereji: kulanti huchemka kwa joto la juu zaidi na huzuia kutu, ambayo ndiyo huziba rejeta.

Lile zulia lililobandikwa chini ya boneti ni la kuhifadhi joto? Limechanika, nilitoe?

Kazi yake kubwa ni kupunguza kelele na kulinda rangi ya boneti. Likichanika na kuning'inia, lifunge au ulitoe, lisiangukie mikanda. Ukipata lingine kutoka gari la aina ile ile, vizuri. Usikate zulia la sebuleni.

Na ile kinga ya plastiki ya chini, iliyovunjika kwenye matuta?

Irudishe. Huelekeza hewa ipite kwenye rejeta inavyotakiwa, huzuia tope na maji ya mvua kurukia mikanda na altaneta, na, ndiyo, hupunguza kidogo kasi ya injini kupoa. Watu huiona mapambo. Kiwanda hakiweki plastiki kwa hisani.

Utepe wa kufunga ekzosi na blanketi la tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa) je?

Huu ni ufungaji wa aina tofauti, na una akili zaidi. Hapa hufungi injini. Unafunga bomba moto ili joto lake litoke nyuma na moshi badala ya kumwagika chini ya boneti. Betri, waya na hewa ya kuvuta vyote vinapata nafuu. Moshi ukibaki na joto unasukuma tabo vizuri zaidi. Kwa wanaoshindana mbio, au dizeli ya tabo ambayo bomba lake linapita karibu na paipu za breki, tunaufunga bila kinyongo.

Gharama yake ni hii: chuma kilicho ndani ya utepe kinakuwa moto kuliko kilivyopangiwa. Manifoldi ya chuma cha kutupwa yaweza kupasuka, hasa ukiingia dimbwi ukitoka mlimani. Utepe ukilowa, na kwa mvua za Kakamega utalowa, unashika maji juu ya chuma na kutu inakula taratibu bila wewe kuona. Na kama oili inadondokea hapo, rudi ukasome tulivyosema kuhusu utambi. Kwa gari la familia, ngao ya bati ya kiwandani, ile ambayo hutupwa kwa sababu inapiga kelele, ni bora kuliko utepe. Kaza boliti zake.

Nimesikia injini zinaweza kupakwa keramiki ndani. Si ndiyo suluhisho lenyewe?

Wazo hilo ni zuri kwenye karatasi na limewahi kupata pesa nyingi. Miaka ya 1970 na 1980 kampuni ya Cummins pamoja na jeshi la Marekani walijaribu kutengeneza dizeli isiyopoteza joto, sehemu za ndani zikiwa za keramiki au zimepakwa, ikibidi hata bila rejeta. Walichokuta wao na wengine waliowafuata ni kwamba joto lililozuiwa ukutani halikugeuka kuwa nguvu ya kusukuma pistoni, au liligeuka kidogo tu. Mengi yake yalitoka na moshi, na ili uyavune ulihitaji tabo ya ziada. Kuta zilizobaki moto wakati wote zilipasha hewa inayoingia, silinda ikajaa pungufu. Oili nayo ikaungua, kwa sababu oili ya kawaida haistahimili ukuta wa namna hiyo.

Toyota walikuja na njia ya werevu mwaka 2015, kwenye dizeli ya lita 2.8 inayopatikana kwenye Hilux na Prado. Juu ya pistoni waliweka tabaka jembamba sana lenye vinyweleo, lisilohifadhi joto: hupata moto mara moja mafuta yanapoungua, hivyo joto halina haraka ya kukimbilia pistoni, kisha hupoa mara moja hewa mpya inapoingia, hivyo hewa haipashwi. Ukuta unapanda na kushuka joto pamoja na gesi. Hilo ni jambo la kiwandani. Mtu akikuahidi kupaka pistoni za gari lako kwa mkopo, mwambie ulikuwa unapita tu.

Haibridi (magari ya petroli na umeme pamoja) zinazimazima injini. Hazipoi?

Hupoa, na watengenezaji wanajua. Prius ya kizazi cha pili iliyouzwa Marekani ilikuwa na thamosi halisi ya lita 3 hivi: gari likizimwa, maji moto yalivutwa na kuhifadhiwa humo hadi siku tatu, kisha yakarudishwa kwenye injini kabla ya kuwaka. Kizazi cha tatu kiliacha thamosi kikawa kinapasha maji kwa joto la ekzosi. Tazama walivyofanya: walihifadhi maji, wakaacha chuma na waya vipumue. Ukiwa na haibridi, thamostati na kulanti ndivyo vya kuangaliwa. Na usizibe tundu la hewa la betri kubwa huko nyuma kwa mizigo. Hiyo inataka baridi.

Dizeli yangu haitaki kuwaka asubuhi Molo, na ikiwaka inatoa moshi mweupe. Blanketi litasaidia?

Pima hita plagi (plagi zinazopasha silinda kabla ya kuwasha) kwanza, kisha betri, kisha uzito wa oili uliyowekewa. Oili nzito ya 20W-50 asubuhi ya Molo huichosha hata stata mpya (mota ya kuwashia injini).

Bodaboda na tuktuk?

Injini ya pikipiki nyingi za boda hupozwa na hewa inayopita kwenye mapezi yake. Usiifunike kamwe. Tope lililokauka kati ya mapezi ni blanketi tayari: lioshe, injini ikiwa imepoa. Tuktuk za Kisumu injini yake iko nyuma mahali finyu. Ukiongeza maturubai ya kuzuia vumbi, acha nafasi ya hewa kutoka.

Niache gari liungurume dakika kumi kabla ya kuondoka?

Nusu dakika yatosha, oili ipande. Kisha ondoka polepole, usizungushe injini kwa kasi kwa kilomita mbili tatu za mwanzo. Injini isiyobeba mzigo hupata joto polepole mno, na wakati wote huo inakunywa petroli nyingi bila kwenda popote.

Nimeshaifunika, na gari halina tatizo. Niitoe?

Tuanze na kilichofunikwa na kwa nini. Kama ni kitambaa, sponji au katoni, toa leo. Kama ni blanketi la kiwandani la nyuzi za glasi lililotengenezewa gari hilo, lifungue injini ikiwa imepoa, uligeuze, ulinuse. Likinuka oili au petroli, halirudi mpaka uvujaji uzibwe na blanketi libadilishwe. Likiwa kavu, angalia kama linagusa mkanda, feni au waya, kisha endesha siku moja yenye jua kutoka Kisumu hadi Kiboswa kwa mlima wa Mamboleo, ukiwa umepakia. Mshale ukipita pale ulipozoea kukaa, au feni ikikataa kuzima ukiwa umeegesha, umepata jibu. Usipopita, liache, lakini kila ukibadilisha oili mwambie fundi alifunue aangalie chini yake, kwa sababu akiliona limekaa vizuri hatahangaika kulifunua.